Siku Tuliyoondoa Karata Kwenye Kompyuta

Kati ya bosi wangu na mama mkwe wake palikuwa na ubao wa plaiwudi, na pembeni ya plaiwudi nilikuwa mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza mjini Kisii, nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Kwenye barua niliandikiwa mpiga taipu. Kusema kweli nilikuwa mdomo.

Duka lilikuwa orofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi yenye jengo. Lilianzishwa na mume wa yule mama kwa taipureta tatu, na mkewe ndiye aliyezipiga. Mume alipokufa alimwachia mabinti tu na hizo taipureta. Kisha mkwe wake, aliyeoa binti mkubwa, akapunguzwa kazi Nairobi, akarudi nyumbani na mashine ya fotokopi na kompyuta moja kuukuu iliyokuwa imetumika ofisi fulani ng'ambo, akalishika duka.

Shida ni kwamba kwetu Gusii mwanamume na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawarushiani maneno. Tunaiita chinsoni, aibu ya heshima, na hata mlevi wa Birongo kwetu anaijua akiwa chini mtaroni. Basi bosi akaleta fundi, akapiga plaiwudi kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Mbele akakaa yeye na fotokopi na wateja. Nyuma tukakaa mimi, kompyuta, taipureta, na omongina, maana ndivyo tunavyomwita mama mzima anayestahili heshima. Bosi akitaka kuja nyuma alikohoa mara mbili. Omongina alichukua kikapu chake akatoka nje kwenye veranda kwa mlango wa upande, akangoja huko mpaka mkwe amalize. Wazee waliposikia habari ya plaiwudi walimsifu sana, wakasema kijana huyu amekaa Nairobi na bado ana adabu.

Wazee hawakujua kwamba plaiwudi inazuia macho tu.

"Mwambie mama," bosi alikuwa akisema kule mbele, kwa sauti ya kuhubiri, wateja wakiwa wamejaa, "kuna mtu wa vyuma chakavu amepita hapa. Anauliza kama zile taipureta zinauzwa kwa kilo."

Wateja wanacheka. Mimi naondoka pembeni ya ubao, napiga hatua tatu, nasimama mbele ya omongina ambaye amesikia kila neno, na kazi yangu ni kumwambia tena. Nilikuwa na moyo laini, nao haujawa mgumu sana mpaka leo. Nilikuwa nayatia maneno yake sukari.

"Mama, bosi anauliza kama taipureta ziko sawa."

Yeye ananitazama, mdomo unamcheza. "Mwambie ziko sawa."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nikitoka kwake kwenda kwa bosi natia sukari vilevile, ingawa maneno ya omongina hayakuhitaji sana. Nilijiona hodari. Niliota kwamba siku moja nitakuwa na ofisi yangu yenye zulia na mlango wa kioo, na watu wazima watakuja kupatanishwa na mimi.

Mwezi wa sita bosi alituma maneno ambayo sikuweza kuyapaka chochote. Mama aende nyumbani kwake Nyamache apumzike, wajukuu wanamhitaji, taipureta zinaondoka, meza yake inataka kuwekwa mashine ya kuweka karatasi nailoni. Omongina alimaliza kwanza mstari aliokuwa akipiga.

"Mwambie baba wa wajukuu wangu," alisema, "meza hii nimeikalia miaka ishirini na mbili. Nikiweza kupiga ukurasa mmoja kwenye hiyo televisheni yake bila kosa hata moja, nitabaki. Nikishindwa nitaondoka mwenyewe, hatanifukuza."

Kule mbele kukatoka kicheko. "Mwambie mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Asije akasema sikumpa nafasi."

Alifurahi sana, na nilielewa kwa nini. Mkwe hawezi kumfukuza mama mkwe; ukoo mzima ungemla. Lakini mama mkwe akishindwa mwenyewe, akaona haya, akaenda zake, nani atamlaumu mtu?

Omongina naye aliniambia saa ya chakula kwa nini hataki Nyamache. Kule, alisema, yeye ni mjane tu, na mashemeji zake wanapima shamba la ndizi kwa macho kila wanapokuja kumsalimia. Hapa mwalimu mkuu anapanda ngazi, anavua kofia, anasema nimekuletea mtihani mama, wewe ndiye ninayekuamini. "Nikitoka hapa, moiseke," aliniambia, ndivyo alivyokuwa akiniita, msichana, "nitakuwa mtu wa kuulizwa kama nimekula."

Kuanzia saa saba bosi alikuwa akienda kula hotelini, na kurudi ilikuwa saa nane na robo. Saa hiyo moja na robo ilikuwa yetu.

Usidhani alikuwa mjinga wa taipu. Alikuwa na mwendo wa bunduki. Shida ilikuwa kwamba taipureta inataka kupigwa, na kompyuta inataka kuguswa. Akiweka kidole kwenye herufi alikikandamiza kama anapigilia msumari, na skrini inajaa herufi hiyohiyo mistari miwili. Mstari ukiisha mkono wake wa kushoto ulipaa wenyewe kusukuma kile chuma cha kurudisha karatasi, ambacho hakipo, na mara mbili ulimwaga chai yangu. Taipureta zile za zamani pia hazikuwa na kitufe cha namba moja. Mpiga taipu alitumia herufi ya eli ndogo, l, badala yake. Vidole vyake vilikuwa vimefanya hivyo tangu ujana wake, na kompyuta haikusamehe.

Nilimtafutia mwalimu ndani ya mashine yenyewe. Wenye kompyuta wa kwanza walikuwa wameacha takataka nyingi humo: ramani za nchi za watu, kalenda za sikukuu nisizozijua, michezo. Mmoja ulikuwa wa herufi zinazoanguka kutoka juu kama mvua ya mawe juu ya mji mdogo, nawe unaigusa herufi kabla haijafika chini, inapasuka. Ukikandamiza sana unapoteza. Mwingine ulikuwa karata, na karata hazina njia ila uzishike kwa panya wa kompyuta, uziburute, uziachie mahali pake.

Omongina alikuwa Msabato wa kubatizwa utotoni. Karata! Siku ya kwanza aliiangalia ile skrini ya kijani kama amefunguliwa mlango wa kilabu. Kisha akafumba macho, akanong'ona, nikasikia: "Bwana, wewe unajua ni kwa ajili ya panya." Akashika panya kwa mikono miwili. Baada ya wiki alikuwa akizipanga karata zake mpaka mfalme, na alikuwa akiwasema wale wafalme kwa Ekegusii kwamba ni wavivu, kazi yao kukalia wengine.

Mchezo wa herufi ndio aliupenda. Ukikosea ulilia pii, na maneno mekundu yanakuambia rudia. Siku moja ulimlilia mara nyingi nikataka kuuzima, akanizuia mkono.

"Uache," alisema. "Katika duka hili ni huyu tu anayeniambia kosa langu usoni."

Mwishoni mwa mchezo mashine ilimwomba jina ili iweke alama zake. Aliandika jina lake la ubatizo, taratibu, kwa herufi kubwa. Mpaka katikati ya mwezi wa saba orodha yote, kumi kwa kumi, ilikuwa jina lake. Kwenye programu ya kuandika, ukurasa wa mazoezi niliomwandalia alikuwa anafika mstari wa ishirini bila kosa. Ilibaki mistari kumi.

Ndipo duka la ng'ambo ya barabara likaanza kutoa karatasi za mazishi zenye maua pembeni na picha ya marehemu katikati. Watu wakatuhama. Bosi akapata diski tano za programu ya kuchora maua, akakohoa mara mbili, omongina akatoka, tukaziingiza. Ya tatu ikakataa. Mashine ikasema haina nafasi.

"Toa takataka zote," bosi aliniambia. "Michezo, kila kitu ambacho hakiandiki. Kesho nikute safi."

Nilichofanya nilikifanya kwa furaha, nikijiona mjanja. Kwenye kozi yangu ya wiki tatu nilikuwa nimefundishwa kwamba vile vipicha vilivyo kwenye skrini ni kama vibao vya mlangoni. Ukiking'oa kibao, mwenye nyumba bado yumo ndani. Basi ramani na kalenda nikaziondoa kikweli. Mchezo wa herufi na karata niliving'oa vibao tu, nikavitupa kwenye lile pipa la taka la kwenye skrini, nikalimwaga pipa. Bosi alikuja asubuhi akaona skrini tupu, akanipiga bega. Saa saba nikaenda kwa njia ya nyuma, ndani ya makabati ya mashine, nikamfungulia omongina mchezo wake. Tulicheka mpaka akashika mbavu.

Tuliendelea hivyo siku tatu.

Siku ya nne diski za maua zikakataa tena, na bosi akamwita binti wa mwenye jengo, aliyekuwa amesomea kompyuta Nairobi na amerudi likizo. Alizaliwa papa hapa na Ekegusii chake cha sokoni kilikuwa kizuri kuliko changu. Omongina alikuwa ametoka kwenye veranda. Mlango wa upande ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Binti alifungua mahali penye orodha ya vyote vilivyomo, akashuka na kidole.

"Hizi hazijatoka. Hapa mmefagia mlangoni tu. Karata ipo. Hii ya herufi ipo." Akaifungua aone. Orodha ya washindi ikajitokeza, nyeupe juu ya bluu.

Bosi aliinama. Mbele kulikuwa na wateja watano au sita, wawili wao akina mama wa kanisa la omongina, waliokuja kutoa nakala za kitu cha chama chao. Bosi akasimama wima, akayasoma majina. Alisoma jina la kwanza, ambalo lilikuwa jina la omongina. La pili. La tatu. Akalisoma mara kumi, pole pole, kama mtu anayeita daftari la shule, na kila mara sauti ilipanda kidogo. Kulitaja jina la mama mkwe wako ni kosa kwetu. Lakini yeye hakumwita mtu. Alikuwa anasoma mashine.

"Na hizi karata," akauliza, kwa upole kabisa, "ni za kanisa gani?"

Wale akina mama hawakucheka. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Walichungulia pembeni ya plaiwudi kuelekea mlango wa upande, wakakunja karatasi zao, wakaondoka.

Binti akanionyesha namna: unachagua jina, unabonyeza pa kuondoa, mashine inakuuliza kama una hakika. Akaitwa chini na mama yake, akashuka. Bosi akasimama nyuma ya kiti changu.

"Ondoa."

Mashine iliniuliza kama nina hakika. Kidole changu kikabaki juu ya panya.

"Inauliza nini?"

"Inauliza kama tuna hakika."

"Ijibu. Tuna hakika sana."

Nikabonyeza. Mstari wa bluu ukaanza kujaa kutoka kushoto kwenda kulia, mji mdogo na mvua yake vikaondoka. Bosi aliona umefika nusu, akaridhika, akarudi kwa wateja wake. Kule veranda nilisikia kikapu kikiwekwa chini.

Nikaziondoa na karata. Katikati mashine ikasimama, ikatoa kisanduku chenye maneno mengi ya Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, lakini hayo niliyaelewa. Yalisema kuna faili ambalo huenda programu nyingine inalitumia, kama huna hakika liache. Chini palikuwa na ndiyo, hapana, na ndiyo kwa yote. Macho yangu yalikuwa yamejaa maji, nilitaka iishe, nilitaka kutoka hapo. Nikabonyeza ndiyo kwa yote.

Diski za maua ziliingia zote tano.

Omongina alirudi kwenye meza. Aliniuliza tu kama ukurasa wa mazoezi upo bado. Nikamwambia upo, huo ni wa kuandika. "Basi," alisema. "Mistari kumi, na siku tisa. Nitafanya bila mwalimu."

Asubuhi iliyofuata mwalimu kutoka Kenyenya alikuwa mlangoni kabla hatujafungua, amekuja kuchukua mitihani ya shule yake. Watoto walikuwa waanze saa nne. Nikawasha mashine, nikafungua programu ya kuandika. Ikasema kuna faili halipatikani, ikajifunga. Nikajaribu tena. Nikazima, nikawasha. Faili halipatikani. Mwalimu alianza kutazama saa yake, akatembea mpaka kwenye ngazi akarudi, mwishowe akaondoka bila salamu, akasema kwa sauti kwamba angejua angeenda ng'ambo ya barabara.

Mimi nilijua. Niliijua ile saa, kile kisanduku, kidole changu kwenye panya. Nilisimama pembeni ya plaiwudi nikiwa na maneno yote mdomoni, tena tayari kabisa.

Bosi hakuniuliza. Hakuwa anatafuta aliyekosea; alikuwa naye tayari.

"Mwambie mama ameua mashine," alisema. "Mwambie amekaa hapa akicheza karata kila mchana mpaka ameiua. Mwambie mwalimu ameondoka, na wengine watamfuata. Sisemi aende. Mimi ni nani? Mwambie tu ajiangalie mwenyewe aone kama anatufaa."

Hatua tatu. Nilizipiga. Omongina alikuwa ameketi wima, mikono imelala juu ya taipureta iliyofunikwa. Siku zote nilikuwa nimeyatia sukari maneno ya watu wengine. Siku hiyo nilikuwa na neno langu moja tu la kuongeza, fupi, na ningepata shida, ningefukuzwa labda, ningerudi Birongo kuchuma chai na ndoto yangu ya zulia. Nikayasema yote kama nilivyopewa. Sikupunguza hata moja. Hata "ameua" nilisema "umeua."

Alinitazama.

"Hayo ni maneno yake?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe una maneno gani?"

Fotokopi kule mbele ilikuwa inanguruma. Nilitazama sakafu.

"Mimi sina, mama."

Kisha akatoa kile kitambaa cha kufunikia taipureta, alichokifuma mwenyewe, akakikunja mara nne, akakitia kwenye kikapu. Akavaa viatu vyake vya nje, kwa maana ndani alikuwa akivaa ndara. Mlangoni aligeuka nusu.

"Mwambie nimesikia."

Nikaenda nikamwambia. Bosi alisema, "Haya," akaendelea kuhesabu nakala.

Kesho yake binti wa mwenye jengo alikuja na diski zake, akairudisha programu ya kuandika, hata chai haikupoa. Akacheka akasema ni jambo dogo, faili liliondoka pamoja na karata, kuna mtu alijibu ndiyo bila kusoma. "Ni nani aliyekuwa hapa?"

Bosi akanitazama. Najua alielewa, kwa sababu alitabasamu, tabasamu la kwanza alilowahi kunipa mimi mwenyewe. "Haidhuru," alisema. "Imetusaidia." Wala hakunipa maneno ya kupeleka popote. Wiki hiyo mtu wa vyuma chakavu alikuja, na mashine ya nailoni ikakaa mezani.

Nilikaa na hilo jambo mpaka mwezi wa tisa. Jumapili moja nikanunua sukari na majani, nikapanda mpaka Nyamache. Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilijisemea, na kwa jinsi nilivyo, kufika mteremko wa mwisho nilishaona tunalia pamoja, tunacheka ile karata, ananiita moiseke.

Alikuwa ameketi mbele ya nyumba akipukuchua maharagwe, na mjukuu wake wa kike, kama miaka sita, yuko karibu naye. Aliniona tangu getini. Nilisalimia. Hakuniitikia, ila hakukunja uso. Alimgeukia mtoto.

"Mwambie mgeni aketi."

Mtoto akashangaa, maana nilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Akaniambia niketi. Nikaketi.

"Mwambie mgeni chai ipo."

Nikaambiwa chai ipo. Ikaletwa, nzito, ya maziwa, katika kikombe kizuri cha wageni. Vidole vya omongina vilikuwa vikipita kwenye maganda kwa wepesi, vinagusa na kuachia, vinagusa na kuachia, bila kukandamiza. Nilijua ni nani aliyevifundisha.

Nikamwita mtoto.

"Mwambie nyanya ni mimi niliyebonyeza. Siyo yeye aliyeharibu. Nilijua tangu asubuhi ile."

Mtoto aliyabeba yote, neno kwa neno, watoto wana kichwa kizuri. Omongina alimsikiliza mpaka mwisho, akampa ganda tupu achezee.

"Mwambie nimesikia."

Mtoto akaniambia. Kisha akachoka na mchezo wetu, akakimbilia nyuma ya nyumba kwenye migomba, tukabaki wawili, bila wa kutupitishia maneno, mpaka chai ikapoa.